Mchuzi wa Bushiri

Kwa miaka kumi na miwili Eliasi, mpagazi wa magunia sokoni Kariakoo, alimsumbua mkewe kwa mchuzi uliomo kitabuni. Mboni akipika samaki wa nazi, mumewe huonja, hutikisa kichwa, husema bado haujaufikia ule wa Bushiri.

Bushiri alikuwa baharia wa hadithi. Eliasi alisomewa habari zake na Anselmi, fundi cherehani wa barazani Mtaa wa Sikukuu, wakati yeye mwenyewe hajui hata a. Kila adhuhuri alimmegea rafiki yake nusu ya mihogo, na Anselmi akafungua kitabu kisicho na jalada. Baharia anarudi kwao baada ya miaka saba. Mlangoni anakuta mchuzi wa nazi, mzito, changu wawili wamelala ndani, pilipili mbuzi inaelea nzima, na mama anamwambia, nawa mwanangu. Kipande hicho Eliasi alitaka kurudiwa kila wiki.

Serikali iliposema watu wazima wote wasome, akajiandikisha kisomo, darasa la saa kumi alasiri. Mwaka wa pili alikuta nakala ya kitabu hicho ndani ya sanduku la mwalimu wao, Celina. Akaomba awasomee wenzake, akawaonya mapema kwamba watameza mate.

Alisoma vizuri mpaka pale.

"Bushiri akakuta mlangoni mchuzi wa nazi..."

"Rudia, mzee wangu," alisema Celina. "Hizo u ni mbili."

Akarudia kwa kidole. Mchuuzi. Mchuuzi wa nazi alikuwa ameketi mlangoni, naye akamwambia Bushiri kwamba mama yake alikwisha kufa, nyumba sasa ina wenyewe. Hapakuwa na changu wala kunawa.

"Mzee Eliasi," akasema Zamzam muuza maandazi kutoka nyuma, "sisi tulishanawa mikono."

Darasa zima likacheka, na mwalimu akageukia ubao.

Kesho yake Eliasi aliweka kitabu alichoazima kwa mwalimu wazi juu ya cherehani. Anselmi alikiri bila kubishana sana. Ile u ya pili ilimponyoka, maana naye alisoma kwa kubabaisha. Ila kosa aliliona siku ileile, alipofika kwenye kifo cha mama; changu na kunawa alivibuni mwenyewe.

"Ulikuwa umefumba macho, bwana, unatafuna mhogo mkavu kama una kitoweo. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia amekufa."

"Nilikuonea huruma."

"Mwaka wa kwanza, sawa. Na hiyo kumi na mmoja? Mimi nilisema wewe ndiye macho yangu. Nikamdharau mke wangu kwa maneno yako."

Anselmi alimsogezea kigoda, akamwomba aketi wale kwanza. Eliasi akachukua kitabu na mihogo yake yote, akaenda kukaa peke yake kwenye mikokoteni. Akaanza ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, maana hakujua amefichwa nini kingine.