Salfa kwenye Ua la Baba Edson

Nisikilizeni vizuri, maana kule kwetu Mnyambe kila mtu ana maneno yake. Mimi Cecilia, Mama Edson, sikuliua lile ua kwa wivu. Nasema tena: si kwa wivu.

Kwamba nililiita mke mwenza, hilo sikatai. Nani asingeliita? Mume wangu Dominic alilibandua kwenye mkorosho mzee ulioanguka, akalifunga kwa kamba kwenye kipande cha gogo, akalitundika barazani. Miaka sita! Maji yenyewe ya kununua kwa ndoo, mimi nafulia maji niliyooshea mchele, yeye anamnywesha bibi yule kikombe kizima kila asubuhi. Na halichanui. Majani tu, kama masikio ya mbuzi. Jirani yangu Pili akipita ananiuliza, "Mwenzio hajambo?" Namjibu, "Hajambo, kashiba kuliko mimi."

Mwalimu Careen ndiye aliyetuambia kwamba linaitwa okidi. Binti wa Kihaya, anafundisha Newala mjini, na alianzisha chama cha watu wanane wanaopenda maua hayo. Kila Septemba wanayapanga kwenye ukumbi wa kanisa, watu wanakuja kuyatazama. Dominic alikuwa mwanachama asiye na ua. Anakwenda, anatazama ya wenzake, anarudi.

Agosti ya mwaka tisini na nne macho yakamharibikia. Presha ya macho, daktari alisema, na mvua hazitamkuta anaona. Jicho la kulia lilikuwa limeshakufa. La kushoto liliona rangi tu, tena ukimsogezea kitu karibu na pua. Na mwezi uleule, baada ya miaka sita, likatoka tumba. Moja tu. Akawa analipapasa kila saa kama anayempima mtoto homa. "Mama Edson," akaniambia, "Mungu anijalie hilo tu. Nilione mara moja, nitatosheka." Nililia jikoni siku ile, nikasingizia moshi.

Jioni ya kuamkia maonyesho tumba lilikuwa limevimba, linataka kupasuka. Sasa hapa ndipo mnisikilize. Sisi watu wa korosho tunamjua adui wa ua: ubwiri, ule ukungu mweupe. Msimu mmoja ulitukaushia maua shamba zima, tukala mihogo mpaka tukaichukia. Dawa yake salfa, ule unga wa manjano, na tangu biashara iachiwe huru kila duka la Newala linaiuza. Ua likitoka unalitia salfa alfajiri, umande ungalipo, unga upate kushika. Kila mtu anafanya hivyo. Basi alfajiri ile, hata kuku hawajashuka, nikafunga salfa kwenye kitambaa, nikalikung'utia taratibu, juu na chini, mpaka ndani lilipoanza kufunguka. Nikalifunika kwa khanga yangu mpya. Nikaliambia, nenda salama, mke mwenza, usituaibishe.

Tukapanda lori la mihogo, halina turubai, jua linawaka. Ukumbini Mwalimu Careen akatupokea, "Shikamoo, Baba Edson! Leo na wewe umeleta!" Dominic akaitikia marahaba huku anacheka kama bwana harusi. Pili naye alikuwepo, kafuata cha kusema. "Jamani, tangu jana natafuta ndoo ya maji, kumbe yananywewa na maua!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nikafunua khanga. Dominic akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Manjano," akasema. Halafu akapaza sauti: "Manjano, Mama Edson! Naliona!"

Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilinigomea, kwa sababu nilikuwa naona kingo za ua zimejikunja, zimebabuka.

Mwalimu Careen, hana ubaya yule binti, akasema, "Mbona lina vumbi?" Akalipuliza. Umanjano wote ukaruka. Chini yake ua lilikuwa rangi ya ugoro, limelegea. Akanusa vidole. "Hii salfa! Okidi haivumilii salfa, tena na jua hili. Limeungua. Nani kaweka?"

"Mimi," nikasema.

"Lo!" Pili akadakia. "Mke mwenza kammaliza mwenzie!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaapa kwa Mungu kwamba nilikuwa nalikinga na ubwiri. Kila nikiapa, wanazidi kucheka. Wanawake walionijua miaka ishirini wananikonyeza, eti nimefanya la maana! Ningesema nini? Mdomo wangu mwenyewe ndio uliowapa maneno, miaka yote sita.

Dominic hakucheka. Alinyoosha mkono akaligusa, likadondoka lote kiganjani mwake.

"Ulitaka kulikinga," akasema. "Najua."

Kweli ya Mungu, afadhali angenizaba kibao.

Akalisogeza jichoni, akaligeuza, akaligeuza tena. Kisha akaniuliza polepole, "Wewe ulikuwepo likifunguka. Lilikuwa rangi gani?"

Watu wakasogea karibu wanisikie.

"Sijui, Baba Edson," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia salfa."