Machozi ya Mwelwa na Kofia ya Njano

Maman Edith, jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, anasema alijionea mwenyewe. Anasema tangu asubuhi mimi, Mwelwa, nilikuwa nimekaa kwenye mashine yangu ya kushona, telefone mbele ya pua, machozi yananitiririka mpaka kidevuni. Anasema nikisha kulia hivyo ninasimama mlangoni, mkono kiunoni, ninaangalia barabara ya Kasumbalesa, ile ya mpaka wa Zambia, kama mjane. Na sababu anaijua. Guelor, mchumba wangu, dereva wa lori, amepata mwanamke kule Zambia, na huyo mwanamke amenitumia picha yake ili kunichokoza. Ni mwanamke mnene mwenye kofia ya njano. Maman Edith aliiona hiyo kofia kwa dirisha.

Machozi yalikuwepo, siwezi kukataa. Kofia pia ilikuwepo. Ila mambo yote katikati ya machozi na kofia, Maman Edith aliyashona yeye mwenyewe.

Siku hizi mteja haji tena na kitambaa chake, kikwembe, akakueleza nguo kwa mikono. Anatuma picha. Akina mama wa korali, kwaya ya parokia yetu, waliniletea kazi ya sikukuu yao: kola yenye mikunjo midogo, imebanana kama mbavu za samaki wadogo wa ndagala. Nikatundika telefone kwenye msumari, karibu kabisa na sindano. Kwa sababu chumba changu kina giza, nikapandisha mwanga wa telefone mpaka mwisho. Nilikuwa ninakodolea picha, ninarudi kwenye sindano, tena picha. Macho yakaanza kuwaka kama yametiwa pilipili. Kichwa kikabana. Uzi mmoja nikauona mbili, na ule niliokuwa ninaupitisha kwenye tundu ndio ule ambao haukuwepo.

Nilienda kwenye kituo cha afya. Mganga Stanislas alinisomesha herufi za ukutani, kisha akanipa telefone yangu mwenyewe.

"Angalia picha kama unavyoangaliaka ku kazi."

Nikaangalia. Naye akaniangalia mimi. Baadaye akacheka.

"Mwelwa, unasahau kupepesa! Jicho inakauka, kisha inaanza kujililia yenyewe. Aiko ugonjwa, ni kuchoka."

Akaniambia nisogeze telefone mbali, kama urefu wa mkono. Mwanga wake usipite ule wa chumba. Mashine niihamishe karibu na dirisha. Nipepese macho hata kama sijisikii kupepesa, na mara kwa mara niyapeleke kuangalia mbali. Na dawa za matone za sokoni nisinunue kwa kubahatisha. Kama itaendelea kuuma, nirudi.

Mimi kuangalia saa siwezi, nikianza kushona ninasahau hata kula. Basi nikajiwekea alama ya kazi yenyewe: uzi wa chini ukiisha kwenye bobini, siujazi tena kabla sijaenda mlangoni. Pale ninaangalia ile cheminée, bomba refu la moshi la kiwanda, kule mbali, mpaka nione ndege wanaoizunguka juu. Kichwa kiliacha kuuma. Machozi yalipungua, ingawa kazi ikinibana yanarudi.

Kasumbalesa iko upande mwingine kabisa. Lakini Maman Edith hasumbuki na mambo ya pande.

Maneno yake yakatembea mpaka kwa Tantine Chileshe, dada mkubwa wa baba yake Guelor. Siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa, familia yao ilikuwa ije kwetu kujitambulisha, na Tantine asipotoka hakuna anayetoka. Kwao binti anayelia kabla wakwe hawajafika, wanasema moyo wake umekataa. Wanabaki kwao. Mimi moyo wangu haukukataa kitu. Nguo yangu ya siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuikata.

Alhamisi Tantine akaingia, na Maman Edith nyuma yake, amejifunga kikwembe kipya kama shahidi anayeenda tribinali. Mama yangu, Maman Huguette, akawatilia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye vikombe, akarudi uani kwenye unga wake.

"Binti yangu," Tantine akasema, hata hajakaa vizuri, "bantu banasema unalia."

"Ndiyo, Tantine. Lakini ni telefone njo inaniliza."

"Telefone iko na kitunguu ndani?"

"Nilikuambia!" Maman Edith akarukia. "Muulize na kofia! Muulize!"

Nikibisha, watasema binti huyu ana mdomo. Nikikaa kimya, watasema amekubali. Nikatoa telefone kwenye msumari, nikampa Tantine kwa mikono miwili.

"Tantine, siku ya Mungu utavaa nini? Chagua modeli humu. Nitakushonea miye mwenyewe."

Tantine ni Tantine, lakini modeli ni modeli. Akaipokea.

Mimi nikaangalia. Mwanzo aliishika mbali, kama mtu anayeshika samaki wa wengine. Picha zikapita. Mkono ukaanza kukunjika. Maman Edith akaweka kidevu kwenye bega la Tantine.

"Ona uyu, mikono imefunguka kama parapluie ya mvua!"

"Pita, pita. Apana, rudia! Rudia kwanza!" Tantine akamwambia.

Telefone ikafika kwenye pua. Nzi akaangukia kwenye munkoyo ya Tantine, akaogelea, hakuna aliyemwona. Na kupepesa, hakuna aliyepepesa.

"Yoo! Uyu wa kofia ya njano!" Tantine akasema.

"Njo yeye! Njo ule mwanamuke!" Halafu sauti ya Maman Edith ikashuka. "Aah. Kumbe iko anaonyesha robe, nguo tu."

"Ni modeli ya bamama ba korali," nikajibu polepole.

Maman Edith akakohoa. "Endelea, Tantine. Tuone ya nyuma."

Wakaendelea. Tantine akajifuta jicho na pembe ya kikwembe bila kuacha kuangalia. Maman Edith akajifuta na kiganja. Chozi la Tantine likashuka mpaka shavuni. Ndipo mama yangu akaingia na chupa ya munkoyo, akawakuta hivyo, vichwa pamoja, wanalia. Akaweka chupa chini.

"Mungu wangu! Nani amekufa?"

Tantine akainua uso. Akaniangalia mimi, akaangalia telefone, akagusa shavu lake. Kicheko kilimtoka tumboni mpaka kiti kikalia.

"Edith! Bwana yako naye iko Zambia?"

Nikawapeleka mlangoni wapumzishe macho. Tukasimama wote wanne, mikono kiunoni, tunaangalia cheminée. Papa Anaclet, muuza makaa, akapita anasukuma baiskeli yake.

"Bamama, munangojea nani?"

"Uliza Maman Edith," Tantine akajibu. "Yeye njo anajuaka."

Wakati wa kuondoka akanishika mkono. "Siku ya Mungu tunakuja. Robe yangu itangoja, usiue macho juu ya mikono ya parapluie. Na wewe Edith, utakuja kupika bukari, ugali wa wageni. Mashahidi nao wanafanyaka kazi."

Nilirudi kwenye mashine, nikaanza tena mikunjo ya kola. Bobini ilikuwa inaisha uzi telefone ilipolia. Guelor. Nikafungua sauti, nikaiacha pale kwenye msumari.

"Mwelwa! Tangu asubuhi bantu wananipigia. Eti nimekuliza! Eti niko na mwanamuke wa kofia! Nisikie, miye hata kofia sijanunua!"

Uzi wa bobini ukaisha. Nikainuka, nikaenda mlangoni. Kule juu ya cheminée ndege walikuwa wengi, wadogo kama vumbi.

"Uko pale? Mwelwa? Washa kamera, nione macho yako. Kidogo tu."

"Ngoja kwanza," nikajibu kutoka mlangoni, "macho iko inapumzika."