Mkono Kwenye Swichi

Kuna wivu unaopiga kelele, na kuna ule unaouma kimyakimya kama jino bovu. Wa Dada ulikuwa huu wa pili.

Tangu ujana wake alikuwa akiwachapia watu barua katika duka la baba yao, hata herufi za kibodi zikafutika kwa vidole vyake. Sasa baba alitaka kupumzika, na alishasema ufunguo wa duka atamwachia mwenye kuiweza mashine, yaani kompyuta ya duka. Nayo mashine ilikuwa imeukataa mfumo mpya wa kuiendesha. Kila Dada alipoupakia, ulifika katikati, ukageuka kama bibi harusi aliyesusa, ukarudi ule wa zamani.

Ndipo akaja mdogo wake, kitinda mimba, aliyesomea kompyuta. Akaiinamia kidogo tu.

"Dada, mfumo mpya hauna kosa. Chini yake kuna programu ndogo ya kuiamsha mashine, nayo imechakaa, haimjui huyu mgeni. Tuisasishe hiyo kwanza. Si kila mara inasaidia, ila hapa naona itasaidia."

Baba akachekelea, akasema msomi haachi kuonekana. Dada akajiuliza moyoni. Huyo msomi alibebwa na mgongo wa nani?

Kitinda mimba akaianzisha kazi, akamwonya dada yake umeme usizimwe, maana programu ile ikikatizwa njiani mashine huenda isiamke tena. Kisha akatoka kunawa uso. Baba alikuwa mlangoni na mteja, hakusikia.

Kioo kikawa cheusi, feni ya ndani ikanyamaza. Baba akarudi. Desturi ya duka lile ilikuwa moja: kilichoganda huzimwa ukutani. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Dada akamtazama. Kunyamaza tu kungetosha. Lawama ingemwangukia msomi, na ufunguo ungejua njia ya kuja kwake. Macho yake yakatua kwenye kibodi ile isiyo na herufi.

Akaupiga mkono wa baba yake. "Haijaganda, baba. Iache."

Kabla ya kufunga duka, mfumo mpya ulikuwa umekubali. Baba akamkabidhi kitinda mimba ufunguo, huku akisimulia kwa kicheko alivyochapwa na bintiye mkubwa kama mtoto mdokozi.

Kitinda mimba hakucheka. Akasogea hadi mezani kwa dada yake.

"Ungemwacha tu azime, dada. Ufunguo ungekuwa wako."

"Nilitaka kumwacha," Dada akasema, vidole vyake vikizitafuta herufi zisizoonekana. "Sogea. Unaniziba mwanga."