Kazi ya Kudaka Watu

Dobi alipofiwa na mkewe, binti yake alihamia kwake akamtunza kama yai. Asubuhi mzee alikuta chai mezani, dawa za presha pembeni ya kikombe, na shati limeshapigwa pasi, ingawa pasi ndiyo iliyowalisha maisha yote. Basi binti alikasirika aliposikia mzee wa miaka sitini na minane amejiandikisha tena kujitolea kwenye mbio ndefu za mji. Alimwambia kwamba waandaaji wana wadhamini, na yeye ataambulia fulana na kofia. Dobi akajibu tu kwamba kofia nayo ni kitu.

Siku ya mbio, binti akaamua kwenda kumchukua kabla jua halijamchosha. Alimkuta hatua chache nyuma ya mstari wa kumalizia, akidaka watu. Mkimbiaji akivuka huku miguu ikimgomea, Dobi alikuwa ameshafika, mkono mmoja kiunoni, mwingine begani, akimwambia polepole kwamba amefika. Mama mmoja wa makamo, aliyemzidi kwa mwili, alimwangukia kifuani akalia kwa kwikwi. Dobi alisimama naye vivyo hivyo, bila haraka, mpaka wauguzi wakaleta kiti.

Binti hakumwita. Alingoja zamu iishe, wakakaa kwenye ngazi za jukwaa, akamuuliza, safari hii bila hasira, hasa kinachomleta ni nini.

Mzee akavua kofia.

"Mwaka juzi nilikuja kutazama tu. Mtu mmoja akaniangukia, nikamshika. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba tangu tumzike mama yako, hakuna aliyewahi kuniegemea."

Binti alitaka kujitetea. Aliyaona maisha yao: shikamoo ya mlangoni, sahani mezani, lala salama ya kupitia ukutani. Kumtunza alimtunza. Kumgusa, hata siku moja.

Akalaza kichwa chake begani kwa baba. Fulana ilinuka jasho la watu asiowajua. Dobi, kwa mazoea ya kazi, akakaza mgongo na kumuuliza kama amechoka.

"Nimechoka, baba," akasema. Na kweli, tangu msiba hakuwa amemwambia mtu.

Walikaa hapo hadi wafagiaji walipowaomba wapishe.