Mlima Nyuma ya Nyumba ya Projest

Watu wa Kibingo walinisema sana mwaka ule, na wengine hawajachoka hadi leo. Eti Kokubanza alikwenda kukagua nyumba ya mchumba mvua ikinyesha, akaizunguka mara tatu kama mwizi, akakataa kuingia ndani, akakataa hata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Yote ni kweli, na sijutii hata moja. Nasimulia nikicheka kwa kuwa mambo yaliisha salama.

Kwetu binti akiposwa, shangazi yake hutangulia kwenda kuona anakopelekwa. Wenzangu huangalia ghala, vyungu na ulimi wa mama mkwe. Mimi hayo niliyaacha. Placida ni mtoto wa kaka yangu Yustus, na Yustus na mkewe waliuawa na mlima. Ilikuwa masika ya mwaka 1938, asubuhi, wenyewe wakiota moto, udongo ukashuka na kuifunika nyumba. Placida alikuwa na miaka minne, akapona kwa sababu nilikuwa nimemchukua akae kwangu siku chache. Hizo siku chache zikawa miaka kumi na mitano. Sasa akaposwa na Projest, kijana wa mzee Melkiory wa Nyakatuntu, na mshenga akanieleza kwa furaha kwamba nyumba imekaa pazuri, ubavuni mwa mlima. Nusura nimfukuze.

Nikangoja siku ya mvua. Jua likiwaka kila nyumba ni nzuri.

Nilianza na mawe. Juu ya nyumba palikuwa na matatu makubwa. Nikayapandia, nikainama kutazama yalivyokaa. Yalikuwa yamezama ardhini na kuota kuvu pande zote, hakuna udongo mbichi pembeni mwake, yaani hayajasogea siku nyingi. Nikaitazama miti, imesimama wima. Nikatafuta ufa ardhini, sikuuona. Moyo ukaanza kutulia, nikashuka nikijiambia kwamba pengine mtoto ataolewa bila mimi kuwaudhi watu.

Nilipofika nyuma ya ukuta nikachota kwa kiganja maji yaliyokuwa yakipita pale. Yalikuwa mekundu na mazito kama uji. Nikainua macho, na hapo ndipo nilipouona mlima wenyewe. Nilikuwa nimeukanyaga nikitafuta mawe, nisiutazame. Kuanzia juu ya nyumba hadi karibu na kileleni, nyasi zote zilikuwa zimekatwa, udongo uko wazi.

Projest alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, hajui anifanye nini.

"Shikamoo, shangazi. Ingia ndani, unalowa."

"Marahaba. Nyasi za shambani unakata wapi?"

Uso ukamchangamka. Kibanja chake kilikuwa cha kujivunia kweli, migomba imenona, mibuni katikati, na chini yake nyasi zimetandazwa hadi mguu unazama. "Hapo juu tu, shangazi. Mara mbili kwa mwaka. Mimi shamba langu halikai bila nyasi."

"Nimeona. Umeuvua mlima nguo ukalivalisha shamba."

Mzee Melkiory akatoka nyumba ya pili, mkongojo mkononi. "Waitu, mama, hapo alikata baba yangu na babu yangu. Mlima huu haujamwangukia mtu."

"Na wa kaka yangu ulikuwa haujamwangukia mtu," nikasema.

 Nikawaambia Placida hatakuja pale mpaka nyasi za juu ziachwe zikue, na uchimbwe mfereji wa kuyapeleka maji korongoni, mbali na nyumba. Mzee akasema hajawahi kusikia mahari ya namna hiyo, akaingia ndani akafunga mlango. Nami nilikuwa tayari kuondoka, maneno makali yamejaa mdomoni, ila Projest akauliza kwa upole, "Mfereji uanzie wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Tukapanda pamoja katika matope, yeye akichomeka vijiti pale nilipomwonyesha, mshazari kuvuka mlima hadi kwenye korongo ambako hakuna nyumba wala shamba la mtu. Mimi si bwana shamba. Nilitazama tu maji yanakotaka kwenda, nikakisia.

Mwaka mzima Projest alivuka kilima kwenda kukata nyasi rweya, kwenye mbuga za mbali, akizibeba kichwani nusu ya asubuhi. Watu walimcheka, mtu anayepita nyasi kwake kwenda kutafuta nyasi. Placida naye alininunia. Akinipikia hanisemeshi, akinisemesha ni kunichoma.

"Unataka nizeekee jikoni kwako?" akaniuliza siku moja.

"Nataka uzeeke," nikamjibu. "Mama yako hakuzeeka."

Akaacha kazi aliyokuwa akifanya, akatoka nje. Nilijua nimemuumiza, na nilijua pia kwamba naweza kuwa nimekosea. Kama mlima ule hauna neno, nimempotezea mwaka bure. Kama una neno na mfereji wangu hautoshi, nitakuwa nimempeleka mwenyewe kwa mkono wangu. Hilo ndilo lililonitesa.

Walioana mwanzoni mwa 1955, nyasi zikiwa zimefika magotini. Mwezi wa nne mvua ikaanza, ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano mchana akapita mchuuzi wa chumvi, amelowa chapachapa, akatuambia Nyakatuntu mlima umeporomoka.

"Upande gani?" nikamuuliza.

"Upande wa kwa Melkiory."

Sikumbuki nilivyofunga mlango. Nakumbuka njia, na matope yaliyonivua viatu, na jina la Yustus lililokuwa likinitoka mdomoni pasipo kukusudia. Nilipofika kwenye kona ambako nyumba huonekana, nilisimama.  Ningeendelea kusimama pale hadi leo kama nisingeuona moshi ukitoka juu ya paa.

Mlima ulikuwa umeshuka kweli. Kipande kikubwa kilimomonyoka karibu na kileleni, pale ambapo nyasi hazikuwa zimerudi vizuri, kikateremka hadi kwenye zile zilizosimama. Hapo kikapungua nguvu. Kilichobaki kikaangukia mfereji, kikaufuata, kikamwagika korongoni. Udongo ulikuwa umefika hatua ishirini juu ya nyumba. Nilizihesabu.

Mzee Melkiory alikuwa ndani ya mfereji na jembe, matope hadi kiunoni, na mwanawe upande wa pili. Mzee hakunitazama.

"Mfereji wako umejaa," akasema.

"Naona, baba."

"Basi usisimame. Kuna jembe lingine nyuma ya mlango."

Sikwenda kuchukua jembe. Nilikwenda jikoni. Placida alikuwa anamenya ndizi, tumbo limeshaanza kuonekana, na aliponiona akaanza kunigombeza: mtu mzima gani anatembea mwendo ule mvuani, pekupeku, nikiugua nani atanilea. Nilimwacha anigombeze. Nilimshika mkono wake wenye utomvu wa ndizi, nikalia mbele yake, naye akanikalisha karibu na moto na kunifunika kwa kanga yake.

Jioni mvua ikarudi, nzito kuliko ya mwanzo. Tangu kaka yangu afariki, miaka kumi na saba, sikuwahi kufumba macho mvua ikinyesha. Nilikuwa nakaa kitako nikisikiliza. Siku ile nilisikiliza kidogo, nikasikia maji yakipita mbali, upande wa korongo. Wanasema walinitikisa mara tatu niamke nile, wakashindwa, chakula changu wakakifunika.