Kopo Chini ya Rangi

Wasioijua kazi ya bodi hupenda kusema sumaku haidanganyiki. Ukienda kununua gari kuukuu, wanakwambia, chukua sumaku, iguse kila mahali: ikishika hapo ni chuma, ikidondoka hapo ni puti, fundi kaziba kutu akapaka rangi juu. Mafundi huwaacha waseme. Fundi mjanja hukata kipande cha bati jembamba, akakilaza juu ya shimo, akapitisha puti kidogo na rangi, na sumaku ikang'ang'ania kama kupe. Nani atajua? Yeye na Mungu wake.

Fundi wa habari hii mtaa mzima ulimwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu mlangoni. Miaka sitini na mbili, kifua kibovu kwa vumbi la msasa, mke hana, na mpwa mmoja wa kike aliyemlea tangu ana miezi minane. Huyo mpwa ndiye aliyekuwa dunia yake. Kila Jumamosi alimletea chakula cha mchana, akampekua mifuko kutafuta sigara, akamgombeza mbele ya wateja. "Mjomba, ukifa nitakuzika na bomba lako la rangi." Kioo alikuwa akiisubiri Jumamosi kuanzia Jumapili.

Basi mwezi wa tatu lori la kuvutia magari likasimama mlangoni, na juu yake Mjapani.

Ndivyo walivyoliita enzi zake: gari la michezo, milango miwili, pua ndefu, taa za mviringo. Shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, alilinunua likiwa na kutu lakini injini inaimba. Sasa ubavu wa abiria ulikuwa umekunjwa hadi karibu na gia. Miaka thelathini na moja lilikaa juu ya matofali, chini ya turubai, nyuma ya nyumba ya shemeji. Kioo alishamwambia mara kumi aliuze kwa kilo, naye alikataa mara kumi.

"Nifufulie huyu, shemeji," yule mzee alisema akishuka kwenye lori kwa uangalifu. "Na usiniambie kesho. Kesho yako naijua, haina tarehe."

"Kama una haraka mpeleke hospitali," Kioo alimjibu, na wakacheka, maana mashemeji hawaachi utani hata pabaya.

Kisha mzee akaacha kucheka. Daktari alikuwa amemwambia kumbukumbu zinaondoka, na haziondoki zikarudi. Alishapotea njia ya dukani mara mbili. "Nataka nikae humo ndani kabla sijasahau nani alikuwa anakaa pembeni yangu," alisema.

Kioo alitamani kukataa. Lakini angekataa, gari lingekwenda kwa fundi mwingine, na fundi mwingine angeukwangua ubavu ule. Akasema sawa.

Ajali yenyewe kila mtu aliijua. Jumapili, mvua, kona, gari likateleza likapiga nguzo ya zege kwa ubavu. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Mkewe hakutoka. Polisi waliandika mwendo kasi, na mume hakubisha, alisimama mbele ya wakwe zake akasema, "Nilikimbiza." Wakamnyang'anya mtoto siku hiyo hiyo. Mtoto huyo, ndiye mpwa wa Kioo, akakua akijua kwamba baba yake alimuua mama yake, na hata leo akimtaja husema "yule mzee".

Alichokijua Kioo peke yake ni hiki. Siku mbili kabla ya ajali, Ijumaa, alikuwa anamalizia ubavu wa chini wa gari hilo, ule unaoukanyaga ukiingia. Upande wa abiria kutu ilikuwa imeula mpaka ndani. Kazi ya haki ilikuwa kukata na kuchomelea chuma kipya, kazi ya siku tatu. Gesi ya kuchomelea imekwisha, shemeji analitaka gari Jumamosi, na Kioo alikuwa kijana mwenye sifa nyingi na uvivu wa kutosha. Akasokota magazeti akayajaza shimoni. Alijua shemeji anatembea na sumaku, kwa hiyo akatafuta bati. Wiki ijayo, alijiambia, nitalirudisha nilichomelee vizuri. Jumamosi shemeji alipitisha sumaku, ikashika, akampa mkono wa shukrani. Jumapili ubavu ulijikunja ndani ukameza kila kitu, na hakuna aliyefikiria kuukunjua.

Mwendo ulikuwepo, mvua ilikuwepo. Chuma ndicho hakikuwepo.

Shemeji alikuja kila asubuhi kwa miguu, akaketi kwenye kiti cha dereva kilichokuwa kimeng'olewa na kuwekwa sakafuni, akaangalia kazi. Injini ilikuwa imeganda. Pistoni zikalowekwa mafuta siku tisa hadi zikakubali kusogea. Kioo cha mbele kilitoka kwenye gari lililokufa mji mwingine. Mipira ya milango fundi aliikata mwenyewe kwa wembe. Na kila asubuhi, katikati ya mazungumzo mengine, mzee alisema, "Nilikimbiza, shemeji."

"Ajali haina kinga," Kioo alijibu. Miaka thelathini na moja alikuwa akijibu hivyo. Ni msemo mzuri, unafunika kuliko puti.

Ubavu wa abiria aliuacha wa mwisho. Jumatatu alipoukata na kuukunjua, puti ilibanduka vipande vipande, magazeti yakamwagika yamekuwa unga wa kahawia, na bati likabaki mkononi mwake. Lilikuwa kopo la maziwa ya mtoto, limepasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Alishasahau alikolitoa. Dada yake ndiye aliyekuwa akimletea makopo matupu awekee skrubu. Alipoligeuza akaona maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari, kutu imeingia kwenye mikwaruzo ikayakoleza: VIJIKO VITATU. MAJI YA VUGUVUGU. MJOMBA ASILAMBE.

Maana alikuwa na tabia hiyo. Kila akipita kwa dada yake alichota maziwa ya mtoto kwa kijiko na kuyalamba makavu, na dada yake alimfukuza kwa mwiko huku wote wawili hoi kwa kicheko. Kioo akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Umepata nini?" shemeji aliuliza.

Liwalo na liwe. Akamweleza yote, kuanzia gesi mpaka sumaku, bila kujitetea, na mzee alisikiliza akiwa amelishika bati kwa mikono miwili.

"Sumaku ilishika," mzee alisema.

"Ilishika hilo."

"Nikakupa mkono."

"Ukanipa."

Machozi yalimtiririka mzee. Hakumtukana. Kioo angependa atukanwe. Mwishowe aliuliza jambo moja tu: "Mtoto umemwambia?" Kisha akaondoka, akigusa ukuta kila baada ya hatua chache.

Kesho yake saa mbili asubuhi shemeji akaingia. "Umeamkaje, shemeji? Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Akaketi kitini pake, akalitazama gari kwa mapenzi. Baada ya muda akasema, "Unajua, siku ile nilikimbiza."

Kioo alishusha pumzi. Tusimpambe: alishusha pumzi, mwili mzima ukawa mwepesi. Ametubu, amesikilizwa, na hakuna aliyebaki na habari. Nani mwingine aliwahi kupata msamaha rahisi namna hiyo? Akafungua mdomo, "Ajali haina..." na msemo hakuumalizia. Mzee alikuwa anausubiri, kwa adabu, kama mtu anayesubiri dawa yake ya kila siku. Atasahau njia ya nyumbani, atasahau hata sura ya mkewe, na hilo moja la kukimbiza litabaki, azikwe nalo.

Aliyeweza kukumbuka kwa niaba yake alikuwa mmoja tu, na huyo huja Jumamosi. Siku nne zile Kioo hakula vizuri. Ijumaa alikirudisha kiti cha dereva garini, na mzee akaingia akakaa, mikono kwenye usukani.

Humo ndimo mpwa alimomkuta kesho yake. Alimpita bila salamu, akaweka vyombo vya chakula mezani. "Mjomba, unanuka sigara, usinidanganye."

Kioo akampa bati kabla ujasiri haujamwisha.

Alilisoma, akaangua kicheko. "Huu mwandiko wa mama? Kumbe ulikuwa mwizi wa maziwa yangu, mjomba!" Hakuwa amewahi kuuona mwandiko wa mama yake. Alipitisha kidole juu ya kila herufi, polepole, kisha akalikumbatia bati kifuani, kutu ikamchafua blauzi, asijali. Kioo angetoa chochote muda usimame pale.

"Ulikuwa umeliweka wapi miaka yote hii?"

Akampeleka mpaka ubavuni mwa gari. Akamwonyesha shimo, unga wa magazeti, mabaki ya puti. Kisha akasema, na alipomaliza mpwa alikuwa bado analitazama shimo.

"Bibi alijua?"

"Hapana."

"Siku ya harusi yangu wewe ulinishika mkono. Yeye alisimama nje ya geti."

"Ndiyo."

"Ulimwona?"

"Nilimwona," Kioo alisema.

 Mpwa aliingia garini upande wa abiria, ambako kiti kilikuwa bado hakijafungwa, akachuchumaa kwenye sakafu tupu karibu na yule mzee. Mzee akageuka, akamtazama usoni, na haikujulikana kama alimtambua.

"Nilikimbiza, mama," alimwambia.

"Si mwendo, baba." Neno hilo Kioo hakuwa amewahi kulisikia kinywani mwake. "Chuma kilikuwa kimeoza."

Mzee akatikisa kichwa. "Nilipima mwenyewe. Sumaku ilishika."

"Najua, baba."

Alimsaidia kushuka, akamshika mkono ampeleke nyumbani. Walipofika mlangoni alisimama, bati likiwa ndani ya mkoba wake, akaongea bila kugeuka.

"Fundi," alisema, "likiisha nipigie simu nije nimchukulie."

"Sawa," alijibu Kioo.

Vyombo vya chakula vilibaki mezani. Jumamosi iliyofuata alituma mtu kuvichukua.