Mipigo Minne ya Lyle

Kabla hatujapanda jukwaani, Lyle Barragan alimwambia Trina, fundi wetu wa sauti, azime rekodi ya ngoma kwenye wimbo wa mwisho.

"Nitapiga mwenyewe," alisema. "Nikishindwa, leo basi. Naacha."

"Babu, mbele ya umati wote huu?"

"Babu ni baba yako. Zima."

Lyle ana miaka hamsini na mbili, na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, umeushika mkono wake wa kulia. Tangu mwaka jana, ngoma wanazosikia watu ni zile alizorekodi ujanani. Zinatoka kwenye kompyuta, yeye anazifuatisha. Mimi napiga gitaa karibu yake, na sijasikia mtu akilalamika.

Wimbo wenyewe hauna siri. Noti tatu nzito, mnong'ono, kisha mayowe. Katikati unakatika ghafla. Hapo watazamaji huchuchumaa wote, wakimsubiri Lyle agonge vijiti mara nne, halafu wanaruka kwa pamoja. Hatukuwafundisha. Nyimbo zetu nyingine redio zimezisahau. Huu bado unapigwa, na ndio unaotulisha.

Jua lilikuwa kali kwenye uwanja wa maonyesho wa Bakersfield. Tulifika katikati ya wimbo wa mwisho, Lyle akipiga kwa shida, tukakata. Watu wakachuchumaa: wanaume wenye vitambi wakishikana mabega, na wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa tulipourekodi.

Lyle aliinua vijiti. Mkono wa kulia ukatetemeka hewani, usishuke. Akajaribu tena. Kijiti kikamponyoka, kikaviringika hadi miguuni kwangu.

"Mzee, acha kututesa," mtu akapaza sauti. "Wengine magoti ni ya bandia."

Wakacheka. Niliokota kijiti nikamnyooshea. Hakukipokea, alikuwa anautazama mkono wake.

Nyuma kabisa mtu akapiga kofi. La pili walilipiga wengi. La nne lilipigwa na uwanja mzima, wakaruka, wakiimba ubeti kwa mayowe, na mwendo ulikuwa sahihi. Mwimbaji wetu akawafuata. Nami nikafuata. Wimbo ukaenda hadi mwisho bila ngoma, na haukupungukiwa kitu.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo, jamaa mmoja, fulana imelowa jasho, alimkumbatia Lyle juu ya uzio.

"Kaka, kile kimya! Nimewaona mara nyingi, hamjawahi kuupiga wimbo huu hivi. Mlipanga?"

"Tulipanga," Lyle akasema.

Jamaa alipoondoka, Trina alikuja akifuta mikono kwenye suruali.

"Kesho tunapiga Fresno. Nifanyeje na rekodi?"

Nilimkumbusha Lyle alichosema kabla ya onyesho. Si kwa ubaya; nilitaka kujua kama tutafute mpigaji mwingine.

"Nikae nyumbani nifanye nini?" aliniuliza.

Akamgeukia Trina. "Iwashe. Wimbo wote. Na ngoma zangu zisogezeni kule nyuma ya spika, watu wasinione."